Povu Lisilo la Sabuni

Nyumba ya dobi haikosi povu. Ndivyo tulivyozoea kusema kwetu, na ndivyo tulivyojidanganya.

Mwanangu ni dobi kama alivyokuwa marehemu baba yake, na mtaani jina lake wamelisahau, wanamwita Pasi. Chumba cha mbele ni cha kupokelea nguo. Cha pili kina meza ndefu iliyovikwa blanketi, ndiko anakopigia pasi. Bafu ndilo lenye kazi kuliko vyumba vyote. Humo shuka zinalowekwa, humo zinafikichwa, na maji yake yote yanateremka kwenye choo kilicho humo humo pembeni. Saa yoyote utakayoingia utakuta povu limetuna pale chooni, jeupe, limeketi kama mwenye nyumba. Nani wa kuliuliza limetoka wapi?

Basi maji ya bomba yakakatika mtaa mzima. Siku ya kwanza tukasema ni fundi, siku ya pili tukasema ni mabomba, baadaye hatukusema kitu. Mke wa Pasi, mkaza mwanangu, akachukua nguo za wateja wenye haraka akaenda kukaa kwa dada yake mwenye kisima, afulie huko. Nyumbani tukabaki wawili, mimi na mwanangu, na madumu ya maji ya mvua tuliyoyatumia kwa kuyapimia. Kufua hakuna. Sabuni ya mche ikakauka juu ya kabati mpaka ikapasuka kama kisigino.

Asubuhi ninayoisimulia, Pasi alitoka chooni, akaniamkia, akatoka nje akiwa ameshika kiuno. Nikaingia mimi. Nikakuta povu.

Nilisimama na kopo mkononi. Nikamwaga maji. Povu likazunguka, likazama kidogo, likarudi juu, likatulia. Povu la sabuni nalijua, nimeishi nalo tangu naolewa. Hilo ukilimwagia maji linakonda na kukimbilia pembeni. Hili lilikuwa na viputo vidogo vidogo vilivyoshikana kama yai lililopigwa kwa uma. Nikainama kulinusa, na uzee wangu huu. Halikuwa na harufu ya sabuni. Sabuni yenyewe iko juu ya kabati, kavu, imepasuka.

Kwanza nikajishuku mwenyewe, maana mwenye kisukari anayejulikana nyumba hii ni mimi. Nikamwaga kopo la pili na la tatu mpaka pakawa peupe, nikajisaidia, nikaangalia. Maji matupu. Hakuna hata kiputo cha kusingizia.

Tulikuwa wawili tu ndani ya nyumba. Mimi siye.

Nikaketi juu ya ndoo iliyofudikizwa. Pasi naye sukari anayo, ila yeye huihesabu kama mgeni aliyekwisha kuondoka. Alinisindikiza kliniki siku moja, nesi akamwambia kwa utani, "Na wewe kijana wa mama, lete kidole," na kipimo kikapanda. Akapewa vidonge. Akavimeza mpaka kiu ikaisha, kisha akaviacha. "Mama," akaniambia, "yangu ilipita kusalimia tu." Hana maumivu, anakula, anacheka, anabeba furushi kubwa kuliko punda. Nani angemwambia ni mgonjwa?

Nesi yule wa kliniki ndiye aliyenifundisha habari za povu. Ana picha ya figo ukutani na fimbo ya kuonyeshea, na kila tunapokwenda hatuondoki mpaka atuonyeshe. "Mama zangu, mkiona mkojo una povu lisiloondoka, msingoje miadi."

Nikiwa bado nimeketi pale, bomba likakohoa. Likatema kutu, likatema hewa, kisha maji yakaanza kumwagika. Huko nje nikasikia mtaa mzima unapiga kelele za furaha, ndoo zinagongana. Na katikati ya kelele hizo mkaza mwanangu akaingia na mkokoteni wa kukodi, umejaa shuka za nyumba ya wageni.

"Mama, maji yamerudi! Na hawa wageni wanataka shuka zao leo hii, wamekwisha kupiga simu mpaka sikio limechemka."

"Mumeo umemwona?"

"Nimepishana naye. Mgongo umemkaza, anakwenda duka la dawa achomwe sindano asimame mezani."

"Sindano gani?"

"Ile yake ya maumivu, mama. Ya kila siku ya kazi nyingi." Akaniona uso. "Kwani vipi? Huchomwa, anapata nafuu, anapiga pasi mpaka jioni. Siku nyingine humeza vile vidonge vya rangi mbili."

Mimi sikuwa najua. Kwetu aliyekuwa akijua sindano hakuwa akijua povu, na aliyeona povu aliliita sabuni.

"Acha shuka," nikamwambia. "Usiloweke hata moja. Nifuate."

Sikungoja anifuate. Nilitoka na ndala moja yangu, nyingine yake. Duka la dawa liko ng'ambo ya barabara, baada ya fundi viatu. Fundi akanichokoza, "Bibi, leo mbio za nani?" Sikumjibu, na mimi si mtu wa kuacha utani ukapita bure. Magoti yalikuwa yananiambia polepole, moyo unasema haraka. Nilikuwa na neno moja tu la nesi kichwani: mwenye sukari asichomwe wala asimeze dawa kali za maumivu bila daktari kujua, figo zikishaumia dawa hizo humalizia kazi.

Dukani hapakuwa na mtu kaunta. Nyuma kuna pazia la shanga za plastiki. Nikasikia sauti ya muuza dawa, binti mmoja mpole ambaye wateja humwita Daktari naye kila siku hulikataa jina hilo.

"Una ugonjwa wowote? Presha, sukari, vidonda vya tumbo?"

"Sina," mwanangu akajibu.

"Una uhakika?"

"Daktari, mimi nina ugonjwa wa shuka tu. Choma, watu wananingoja."

Nikavuta pazia.

Pasi ameegemea meza, suruali imeshuka nusu, na binti ameinua sindano kwenye mwanga anaigonga kwa ukucha itoe hewa.

"Ana sukari," nikasema. "Usimchome."

"Mama!" Pasi akashika suruali. "Mtu mzima mimi! Toka!"

"Nilikufunga nepi, sioni jipya hapo. Binti, mwanangu huyu ana sukari na dawa ameacha."

Binti akamtazama Pasi. "Kweli?"

"Ilikuwa zamani."

"Sukari haina zamani, kaka." Akairudishia sindano kifuniko chake, akaiweka kwenye kisahani. Ule mlio mdogo wa plastiki niliusikia mpaka kwenye meno. "Sichomi."

Mnadhani nilipumua? Sikupumua. Mwanangu alikuwa amekasirika kwa namna ambayo sijamwona tangu alipokuwa kijana. Akafunga mkanda.

"Sawa. Kuna duka jingine kule kona. Wa huko hamuulizi mtu maswali."

Hilo lilikuwa kweli. Yule wa kona angemchomea hata mbuzi. Nikasimama mlangoni, kati ya kaunta na rafu ya pamba, nikajaza nafasi yote. Mungu alinipa nyonga, siku hiyo nikajua za nini.

"Mama, pisha."

"Kitendawili."

"Mama, si wakati wake!"

"Kitendawili, Pasi."

Mkaza mwanangu alikuwa amefika, anahema nyuma yangu. Yeye ndiye aliyejibu, kwa sauti ndogo: "Tega."

"Mgeni mtamu, kila nyumba hubisha hodi mpaka afunguliwe. Nyumba moja haina mlango, huingia anavyotaka."

Pasi anatazama juu ya kichwa changu, barabarani.

"Mgeni ni sukari," nikasema. "Nesi alinionyesha. Mwili wetu umejengwa kwa chembe hai, ndogo hata jicho haliwezi kuziona. Chembe za nyama zina mlango. Sukari isipofunguliwa, inabaki nje, kwenye damu. Lakini kule kwenye figo kuna chembe zisizo na mlango wa kufunga. Sukari ikijaa kwenye damu, inajaa na ndani yake. Chembe inalazimika kuiunguza yote, usiku na mchana, mpaka inajaa moshi wake yenyewe. Na wewe mwenyewe husikii kitu. Figo haina kilio."

"Mimi nina mgongo, mama. Sina figo."

Mkewe akacheka bila kutaka, kisha akashika mdomo.

"Unazo, na ndani yake kuna machujio," nikaendelea, nikihofia nikinyamaza atanipita. "Maelfu na maelfu. Kila chujio ni kifundo cha vishipa vyembamba vilivyoviringana. Na juu ya vishipa hivyo wamekaa walinzi, chembe zenye miguu na vidole. Wamevikumbatia vishipa, vidole vya huyu vimepita katikati ya vidole vya yule, kama ninavyofanya hivi." Nikaviingiza vidole vyangu, mkono kwa mkono, nikamwinulia machoni. "Maji na uchafu vinapita katikati ya vidole. Protini, ile iliyojenga nyama yako, inazuiwa. Sasa sukari inafungulia damu iingie kwa nguvu kuliko desturi. Mlinzi anasukumwa. Sakafu anayoikanyaga inavimba na kuharibika. Chembe za katikati zinazoshikilia vishipa zinanenepa, zinatapika gundi, zinavibana. Mlinzi anatanuka, vidole vinalala, vinaachia. Siku moja anadondoka, anatoka na mkojo."

Nikaviachanisha vidole.

"Na akidondoka hazaliwi mwingine, Pasi. Ngozi ukijichoma na pasi inaota. Huyu haoti. Pale alipokuwa pamekuwa tundu, na protini inapita. Protini ikiingia kwenye mkojo inafanya povu."

Pasi akageuka, na nikaona anatabasamu. Tabasamu lile ndilo lililonitisha kuliko hasira.

"Povu! Kumbe ndiyo habari yenyewe? Mama, nyumba ya dobi ikose povu? Hata paka wetu anajamba povu!"

"Tangu maji yakatike, nani amefua mle ndani?"

Akafungua mdomo kujibu.

"Sabuni iko wapi?" nikamuuliza.

Akamgeukia mkewe.

"Iko juu ya kabati, imekauka. Mkeo hakuwepo. Nimelikuta asubuhi hii baada yako. Nikamwaga maji, likarudi. Yangu nimeyaangalia, hayana."

Nilimwona akihesabu. Si nambari, la, alikuwa anarudi nyuma siku moja moja, asubuhi hii, jana, juzi, kila alipoingia mle na kutoka bila kuuliza. Tabasamu likabaki mdomoni bila mwenyewe, kama nguo iliyosahauliwa kambani.

Binti wa dawa akazungumza taratibu. "Kaka, nina vijiti vya kupimia mkojo. Nakupa kikopo, unakwenda uani, unarudi. Kama hakuna kitu, nitamwomba mama radhi kwa niaba yako."

"Na kikiwepo?"

"Kikiwepo tutajua."

"Mimi sitaki kujua!" Ilimtoka kwa nguvu hata mtu wa nje akachungulia. "Baba mdogo alijua. Alijua, wakamfunga kwenye ile mashine ya kusafisha damu, akawa anakwenda kila mara kama mfungwa anayeripoti. Mpaka akaisha."

Kumbe hilo ndilo lililokuwa limekaa chini ya utani wote ule. Mkewe akanipita, akachukua kikopo mezani, akamshikisha mkononi. "Baba mdogo alikwenda hospitali akiwa amevimba uso," akamwambia. "Wewe hujavimba. Nenda."

Akaenda. Akakawia. Uani kuna mlango mwingine unaotokea uchochoroni, na uchochoro unafika kona, kwa yule asiyeuliza maswali. Binti akapanga boksi zilizokwisha kupangwa. Mimi nikahesabu shanga za pazia, nikakosea, nikaanza upya. Mkwe wangu alikuwa ameng'ang'ania mkoba wake kifuani, simu ikawa inalia ndani, watu wa nyumba ya wageni wanataka shuka, naye haipokei.

Mlango wa uani ukalia. Akarudi na kikopo, amekishika mbali na mwili wake kana kwamba ni cha mtu mwingine. Juu ya mkojo pameelea povu.

Binti akachovya kijiti, akakilaza juu ya karatasi. Kina viraka vidogo vya rangi. Akatuonyesha kimoja. "Hiki ni cha protini. Kikibaki njano, hakuna."

Tukainama wote wanne, vichwa vikagusana. Kilikuwa njano. Kikabaki njano. Nikaanza kumshukuru Mungu kimoyomoyo. Kisha pembeni kikaingia ukijani, kama ukungu unaoingia kwenye mkate, ukatambaa, ukajaza kiraka chote, ukazidi kukolea.

Pasi alikirudisha kikopo mezani kwa uangalifu mkubwa sana.

"Hiki hakisemi figo zimeumia kiasi gani," binti akasema. "Kinasema kuna kinachovuja. Damu ndiyo itakayosema. Nendeni leo. Na ile sindano, kaka, ingebana mshipa unaoingiza damu kwenye figo. Zako zinasukumwa upande huu, ningezinyonga upande ule."

Hospitali tulikaa kwenye benchi ndefu, yeye katikati. Damu wakachukua, mkojo wakachukua, wakasema tungoje. Ile simu iliendelea kulia. Pasi akaichukua kwa mkewe, akatazama, akainuka. "Nakwenda kuzungumza nao hapo nje."

Akatoka. Sikumfuata. Mkwe wangu alitaka kuinuka, nikamshika goti. Nilimzuia mlangoni mara moja, sina nyonga ya kuzuia milango yote ya dunia. Lakini macho yangu yalikuwa pale mlangoni, na kila shati lililopita lilikuwa lake mpaka lilipokuwa si lake. Nesi akatoka, akaliita jina lake. Hakuna. Akaita tena, akatazama benchi, akaanza kuliita la mtu mwingine.

"Yupo!" mkwe wangu akapiga kelele, na hakuwepo.

Ndipo akaingia, ameloa jasho. "Nipo," akasema. Alipotupita akamdondoshea mkewe simu mapajani. "Nimewaambia waje wachukue shuka zao, wampe dobi mwingine."

Daktari alikuwa mzee mtaratibu mwenye miwani ya kusukuma juu kila neno. Hakutuzungusha. Figo zinafanya kazi, akasema, lakini si kama inavyopaswa. Sehemu imekwisha kuwa kovu, na kovu halifufuki. Iliyobaki inaweza kukaa naye muda mrefu sana, akishusha sukari, akishusha presha, ambayo nayo ilikuwa imepanda wala hakuna aliyejua, akimeza dawa ya kupunguza ule msukumo kwenye machujio, na asiguse tena zile za maumivu. Mashine? Leo hapana. Akiendelea kama alivyokuwa, ndiyo, tena si mbali.

Nilimtazama mwanangu. Nilijua majibu yake: mzaha, halafu mlango. Alikuwa ameinamia mikono yake ya dobi, ngozi imejikunja kwa maji ya miaka. Akaingiza vidole vya mkono mmoja katikati ya vidole vya mwingine, akavikaza.

"Hawa walinzi," akasema. "Waliobaki. Wanajua kwamba wenzao wamedondoka?"

Daktari akasukuma miwani. Nadhani hakuwa ameulizwa hivyo kabla. "Wanajua kwa namna yao," akajibu. "Mwenzake akidondoka, jirani anajitanua kuziba pale palipobaki wazi. Anabeba sehemu mbili. Ndiyo maana na yeye huchoka mapema."

Pasi akavikaza tena vidole vyake. Mkewe akaweka mkono mgongoni kwake, pale pale panapomuuma.

"Basi niambie tena," akasema. "Kidonge gani asubuhi, kipi usiku. Polepole, nirudie mwenyewe."

Daktari akaanza kumwambia, na yeye akarudia, akakosea cha usiku, akarudia tena. Cha usiku mimi nilikijua, ninacho hicho hicho. Nikaufumba mdomo wangu, nikamwacha akitafute.